Mwili Uliovimba Hauombi Dripu ya Maji

Kina mama, sisi tuko Usangi, huku juu katika milima ya Upare. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo huleta ubishi mwingi kando ya kitanda cha mgonjwa, nalo ni dripu.

Ni kawaida yetu kwamba mgonjwa akiwa hoi, ndugu husema, "Atundikiwe maji apate nguvu." Akitundikiwa, roho zinatulia. Asipotundikiwa, watu hunong'ona kwamba hakutibiwa, na wapo wanaomhamisha mgonjwa wao kwenda kutafuta mahali atakapopewa chupa. Jambo hili lina sababu yake. Wengi wetu tumeona kwa macho mtoto aliyekauka kwa kuhara akirudi kwenye uhai kwa maji hayo hayo. Kwa aliyepungukiwa maji, dripu ni uhai.

Lakini yupo mgonjwa mwingine. Huyu miguu imejaa, uso umevimba, tumbo limekaza, naye anahema juu juu wala hawezi kulala chali. Yeye maji hayakumpungukia, yamemzidi. Kumtundikia chupa ni kumwongezea mzigo mtu ambaye tayari ameelemewa. Anachohitaji ni sindano ya mshipa inayotoa maji mwilini. Kina mama ndio tunaokaa na wagonjwa, ndio tunaoamua waende lini hospitali na wale nini wakirudi. Kwa hiyo yafaa tuielewe dawa hii vizuri.

Maji hayo hutoka wapi?

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Sehemu yake huzunguka ndani ya mishipa pamoja na damu, na sehemu nyingine hukaa ndani ya nyama na kati ya nyama na ngozi. Moyo husukuma, figo huchuja na kutoa yaliyozidi kwa njia ya mkojo, na ini hutengeneza protini ambayo husaidia kuyashika maji yabaki ndani ya mishipa.

Moyo ukichoka, damu hurudi nyuma na kusongamana kama magari kwenye daraja bovu. Shinikizo hupanda ndani ya mishipa midogo na maji huvuja nje. Yakivujia miguuni, mguu huvimba, na ukibonyeza mfupa wa mbele kwa kidole gumba kisha ukaachia, shimo linabaki. Yakivujia mapafuni, mgonjwa hukosa pumzi, hukohoa usiku na huomba mito miwili au mitatu chini ya kichwa. Figo zikiharibika, maji hayatoki inavyopaswa, au protini hupotea kwenye mkojo. Ini likiharibika, tumbo hujaa.

Mnaona basi kwamba kuvimba ni habari tunayopelekewa na mwili. Ugonjwa wenyewe uko nyuma yake. Katika utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi walichunguzwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu, na kwa wagonjwa 45 kati ya kila 100 chanzo kilikuwa shinikizo la damu. Hao si vikongwe. Ni watu ambao bado wanalima na kusomesha watoto, na presha iliwala kimyakimya kwa miaka mingi kabla miguu haijavimba.

Kichupa kidogo kuliko kidole

Dawa inayotumika zaidi kutoa maji kwa njia ya mshipa ni furosemaidi, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la Lasix. Ilianza kutumika katika miaka ya 1960 na mpaka leo haijaachwa. Mara nyingi huja katika kichupa kidogo cha kioo chenye mililita 2 tu, ndani yake miligramu 20 za dawa. Ndugu wakikiona kichupa hicho hukata tamaa: mgonjwa mkubwa namna hii, dawa ndogo namna ile!

Kazi yake ni hii. Figo zinapochuja damu, chumvi nyingi hurudishwa mwilini. Dawa hii huziba njia moja ambayo chumvi hurudia. Chumvi ikikosa njia hutoka na mkojo, na inakokwenda chumvi, maji huifuata. Ikichomwa kwenye mshipa huanza kazi baada ya dakika kama 5, hufikia nguvu yake kubwa karibu na nusu saa, na baada ya saa 2 hivi imepungua. Kidonge cha dawa hiyo hiyo huchukua muda hadi saa moja kuanza, nacho huendelea kwa saa 6 au zaidi. Tena mgonjwa aliyevimba sana hata utumbo wake umevimba, hivyo kidonge hakinyonywi sawasawa. Ndiyo sababu mgonjwa aliyezidiwa huanzishiwa sindano ya mshipa, na vidonge hufuata baadaye.

Mkituona tumesimama na bomba la sindano tukisukuma kidogo kidogo huku tukitazama saa, msidhani tunachelewesha. Dawa hii ikisukumwa kwa haraka, hasa ikiwa nyingi, inaweza kuleta mlio masikioni na hata kuharibu usikivu. Dakika hizo tunazihesabu kwa ajili ya mgonjwa.

Sasa linganisheni na ile dripu inayodaiwa. Chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ya hospitali ina chumvi gramu 4.5. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima mwenye afya asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Chupa moja peke yake inakaribia kumaliza kipimo cha siku, nayo inaingia moja kwa moja ndani ya damu ya mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma hata kile alicho nacho. Kwa mgonjwa wa namna hii, chupa ya kumpa nguvu yaweza kuwa chupa ya kumzamisha.

Mama aliyejifungua na kikohozi cha usiku

Hebu tuwaeleze habari ya mama mmoja wa vijiji vya huku milimani, ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa na umri wa miaka 29, akajifungua salama mtoto wake wa tatu. Wiki ya tatu alianza kuchoka, watu wakasema ni uchovu wa uzazi. Wiki ya nne miguu ikavimba, wakasema ni baridi. Wiki ya tano akawa anakohoa usiku, wakanunua dawa ya kifua dukani. Mwisho akawa analala ameketi kitini na mtoto mapajani, kwa maana akilala kitandani anaamka akitafuta hewa dirishani.

Alipofikishwa wodini midomo ilikuwa imekauka na vidole vimekuwa vya buluu. Tulimketisha, akawekewa hewa ya oksijeni, daktari akaandika sindano ya furosemaidi. Mama mkwe wake, mtu wa heshima zake, hakuridhika.

"Nesi mwanangu, mnamwachaje hivi? Hamwoni amekauka midomo? Mtundikieni maji."

"Bibi, midomo imekauka kwa sababu anapumulia mdomo. Maji yako hapa," tukamwonyesha mguu na kubonyeza. "Na mengine yako kifuani. Tukiongeza, atashindwa kupumua kabisa."

Bibi alitazama lile shimo kwenye mguu jinsi lilivyokawia kujaa. Hakusema neno, ila alivuta kiti akaketi. Kabla ya usiku wa manane mkwewe alikuwa amekojoa zaidi ya lita moja na nusu, na alfajiri alilala kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akituletea chombo cha mkojo tukipime.

Baadaye mama huyo alipelekwa Moshi kwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, ambacho wengi hukiita eko. Iligundulika kwamba misuli ya moyo ilikuwa imelegea. Ugonjwa huu huwapata wanawake katika mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, hata mwanamke ambaye hakuwahi kuugua moyo. Chanzo chake bado hakijajulikana kikamilifu. Wenye mimba ya pacha, wenye presha ya mimba na waliozaa mara nyingi huupata zaidi.

Hapa pana somo kutoka mbali kidogo. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, madaktari katika miaka ya 1970 waliona kina mama wengi mno wenye ugonjwa huu. Desturi ya Wahausa ni mzazi kukaa ndani siku 40, kuogeshwa maji ya moto sana, kulala juu ya kitanda kinachopashwa moto, na kunywa uji uliotiwa kanwa, ambayo ni magadi ya huko. Madaktari walizishuku desturi hizo. Uchunguzi wa miaka ya karibuni haukuthibitisha kwamba ndizo zinazouleta ugonjwa. Kwa hiyo tusikimbilie kumlaumu bibi aliyepika uji, wala jirani anayedhaniwa kuwa amemroga mzazi. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri: moyo ukishachoka, chumvi na magadi huuzidishia mzigo.

Ombi letu kwenu ni hili. Mzazi ambaye uvimbe wake unaongezeka badala ya kupungua baada ya kujifungua, anayekohoa akilala, anayeshindwa kupanda mlima aliouzoea, asipewe dawa ya kifua akaachwa. Apelekwe hospitali, na mseme wazi kwamba amejifungua lini.

Msimwage mkojo kabla haujapimwa

Mgonjwa akishachomwa sindano hii, ndugu wanaweza kutusaidia sana kwa kazi moja ambayo wengi huiona ya aibu: kutunza mkojo. Mwekeeni chombo karibu, maana haja itamjia kwa haraka, na aliyedhoofu akikimbilia choo cha nje anaweza kuanguka. Kila mkojo upimwe na uandikwe. Bila hesabu hiyo daktari hajui kama dawa imetosha au imezidi.

Kina mama, kazi hii ina heshima yake katika historia ya tiba. Mwaka 1919, katika hospitali moja ya Vienna, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Alfred Vogl alimtibu msichana mwenye kaswende kwa sindano yenye zebaki. Wauguzi wa wodi ile walikuwa na mazoea mazuri ya kupima na kuandika mkojo wa wagonjwa. Kwenye kumbukumbu zao ikaonekana kwamba kila alipochomwa sindano, mkojo wa msichana yule uliongezeka ajabu. Hivyo ndivyo zilivyopatikana sindano za kwanza zenye nguvu za kutoa maji, zikatumika kwa miaka mingi mpaka zilipopatikana dawa zilizo salama zaidi kama hii ya leo. Kama mkojo ule ungemwagwa bila kuandikwa, nani angejua?

Kipimo kingine ni mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mgonjwa akipungua kilo 2 kwa siku mbili, hakukonda, ametoa maji. Vivyo hivyo akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hakunenepa. Maji yanarudi, hata kama miguu bado haijaonyesha. Kama nyumbani hakuna mizani, ya zahanati itafaa, au pimeni kifundo cha mguu kwa kamba kila asubuhi na kuweka alama.

Sufuria ya makande

Sindano hutoa maji yaliyokwisha kujaa, lakini haimponyi mgonjwa kilichoyaleta. Mgonjwa anaweza kutoka wodini mwepesi kama jani, akarudi baada ya wiki mbili amejaa kama mwanzo. Mara nyingi maji hayo yamerudi kwa njia ya jikoni.

Sisi Wapare tunasifika kwa makande, na hatuna nia ya kuwanyima. Tatizo si mahindi wala maharage, ni magadi tunayotia ili yaive upesi, kisha chumvi juu yake. Wako kina mama ambao wakiambiwa waache chumvi huacha kweli, lakini magadi huendelea nayo, kwa kuwa hayana ladha ya chumvi. Magadi nayo yana sodiamu, na kwa mwili wa mgonjwa ni ndugu wa chumvi. Dawa inatoa sodiamu mlangoni, nasi tunairudisha dirishani.

Lowekeni maharage na mahindi tangu jioni, mwage maji yale asubuhi, kisha mpike kwa moto wa taratibu bila magadi. Tieni kitunguu, nyanya, karoti, tangawizi na ndimu ili mgonjwa asione kwamba ameadhibiwa. Mpakulieni kabla hamjatia chumvi ya familia. Jihadharini pia na viungo vya supu vya pakiti, samaki wa chumvi na soda ya kuokea.

Dawa hii hutoa pia madini ya potasiamu. Yakipungua sana, misuli hulegea au hukaza, na mapigo ya moyo huweza kuharibika. Ndizi, parachichi na maharage, ambavyo Mungu ametujalia huku milimani, vina potasiamu nyingi. Hata hivyo mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia pia kidonge cha spironolaktoni au enalaprili, aulize kwanza, kwa maana kwake potasiamu ikizidi nayo ni hatari.

Vidonge, safari na maombi

Tumeona katika kuwatembelea wagonjwa majumbani kwamba vidonge vya maji huachwa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni safari. Mama anashuka Mwanga kwa gari, au anakwenda ibadani, anaogopa kubanwa na mkojo njiani, basi hakunywi kidonge. Wiki ikiwa na safari tatu, dawa imerukwa mara tatu. Muulizeni daktari kama siku hiyo mnaweza kukinywa mkisharudi, mradi isiwe jioni sana mkakosa usingizi. Kusogeza saa ni bora kuliko kuacha.

Ya pili ni nafuu. Miguu ikisinyaa, mtu hudhani amepona. Miguu imesinyaa kwa sababu ya dawa, na vidonge vingine vya moyo au presha alivyopewa ndivyo vinavyoshughulikia chanzo. Wala visigawanywe kwa jirani mwenye miguu iliyovimba, kwa kuwa uvimbe wake unaweza kuwa na sababu nyingine kabisa.

Ya tatu tunaisema kwa upole, maana nasi ni watu wa kanisa na tunaombea wagonjwa. Wapo walioombewa, wakapata amani kubwa, kisha wakatupa vidonge kama ushuhuda wa imani. Kuombewa na kumeza dawa havigombani. Mtu akiamini kwamba ameponywa, aende akapimwe. Moyo ukionekana umerudi sawa, daktari mwenyewe atampunguzia dawa hatua kwa hatua, na ushuhuda utakuwa na nguvu zaidi.

Kwa mama aliyepata ugonjwa wa moyo wa uzazi liko jambo la nne, nalo ni la kuzungumza na baba watoto pia. Wengi hupata nafuu kubwa, lakini mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa, na kwa ambaye moyo haujapona huhatarisha maisha yake. Msipange mtoto mwingine kabla ya kupimwa eko na kushauriwa. Uzazi wa mpango upo. Kitanzi au kipandikizi humfaa zaidi kuliko vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Anayenyonyesha naye aseme, ili achaguliwe dawa zinazofaa.

Si kila uvimbe hutolewa kwa sindano hii

Ni vema pia tujue mahali ambapo dawa ya kutoa maji si tiba, kwa maana wapo wanaonunua vidonge hivi dukani kila mguu ukivimba.

Mjamzito. Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Lakini akivimba uso na mikono, akiumwa kichwa sana, akiona nyota machoni au akiumwa chini ya chembe ya moyo, hiyo yaweza kuwa presha ya mimba iletayo kifafa. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20 za mimba, ni lazima ashughulikiwe. Kutoa maji hakuitibu hali hii. Mgonjwa hupewa dawa za kushusha presha na magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa, na ugonjwa huanza kuisha mtoto akishazaliwa. Furosemaidi hutumika kama maji yameingia mapafuni.

Mtoto mwenye kwashiakoo. Huyu amevimba kwa utapiamlo mkali. Hapaswi kabisa kupewa dawa ya kutoa maji kwa ajili ya uvimbe huo, wala kutundikiwa dripu ovyo. Dawa yake ni lishe maalumu ya hospitali, kwa utaratibu na kwa uangalifu.

Mguu mmoja. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, hasa baada ya kujifungua au kufanyiwa upasuaji, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Msiukande. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kichwa. Aliyeumia kichwa, kwa mfano katika ajali ya bodaboda, ubongo wake huweza kuvimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi. Hapo madaktari hutumia dripu nyingine iitwayo manitoli. Hii ni aina ya sukari ambayo huvuta maji kutoka kwenye ubongo na kuyaingiza katika damu, kisha figo huyatoa. Kwa sababu huanza kwa kuijaza mishipa maji, haimfai mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa. Tena dawa hii ina tabia moja inayotuhusu sisi wa milimani: ikipata baridi huganda chembechembe kama chumvi ya mawe. Mkimwona muuguzi mwezi wa Julai akiiweka chupa katika maji ya moto na kuitazama kwenye mwanga, anaziyeyusha chembe hizo ziishe kabisa, kisha ataiacha ipoe ndipo amtundikie mgonjwa.

Maswali ya kumwuliza nesi

Kuuliza si utovu wa adabu. Badala ya kusema, "Mbona hamumtundikii maji?", ulizeni hivi: Je, mgonjwa wetu amepungukiwa maji au yamemzidi? Maji haya yameletwa na nini, moyo, figo, ini au kitu kingine? Anywe kiasi gani kwa siku? Amekojoa kiasi gani tangu jana? Atapimwa lini tena damu, ili kuangalia figo na potasiamu? Akirudi nyumbani, arudi kliniki lini?

Kama chanzo ni moyo, pia ulizeni kuhusu rufaa. Hospitali ya KCMC iko Moshi tangu mwaka 1971, na tangu 2015 ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam, ambako wagonjwa hupasuliwa moyo hapa hapa nchini. Zamani wengi wao walilazimika kupelekwa India. Najua nauli ni mzigo kwa familia nyingi, lakini kipimo kimoja cha eko kinaweza kuwaepusha na kulazwa mara nyingi.

Na yule aliyekwisha kurudi nyumbani, mrudisheni hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki endapo uzito umeongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, anaanza tena kuomba mito mingi, anakohoa povu, mkojo umepungua sana, kizunguzungu kinamwangusha akisimama, masikio yanalia, au misuli imelegea. Njiani mketisheni, msimlaze chali. Na mkifika, mkiona nesi ameshika kichupa kidogo kuliko kidole na hana chupa ya kutundika, mpeni nafasi afanye kazi yake.